Anayemshikia Jambazi Kiroba

"Sasa hapo mbaya ni nani?" mama aliuliza.

Ilikuwa jioni ya Jumamosi, sebuleni kwa dada yangu, Magomeni hapa Mtwara mjini. Mama alikuwa ameshuka kutoka Newala kuja kutazamwa macho, akakaa nasi siku nne. Alikuwa mkekani na sinia la ming'oko ya kuchemsha, anamenya anagawa. Mpwa wangu wa miaka mitano alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye runinga, maana ukimwambia akae anakaa dakika moja, kisha miguu inamnyanyua yenyewe. Kwenye kioo watoto watatu waliofunika macho kwa vinyago walikuwa wakirukaruka juu ya mapaa usiku. Mmoja kajifanya paka, mwingine bundi, wa tatu mjusi.

"Bibi, hao ndio wazuri," mpwa alijibu bila kugeuka.

Mama akaacha kumenya. "Bundi? Na paka? Na mjusi kafiri? Usiku, watu wamelala?" Akanigeukia mimi. "Baba, si unajua kwetu wanaotembea hivyo wanaitwaje?"

Nilijua. Lakini wanga hawatajwi mbele ya mtoto, tena jioni, kwa hiyo tuliliacha hapo, akaendelea na ming'oko yake.

Swali lile halikunitoka. Katuni yenyewe ni PJ Masks. Asili yake ni vitabu vya picha vya Romuald Racioppo wa Ufaransa, na kwenye runinga ilianza kuonyeshwa mwaka 2015. Mchana Connor, Amaya na Greg ni watoto wa kawaida wanaokwenda shule. Usiku wakiwa na pajama zao wanageuka: Connor anakuwa Catboy mwenye mbio za ajabu, Amaya anakuwa Owlette mwenye mabawa, Greg anakuwa Gekko anayeparamia kuta na kunyanyua vitu vizito kuliko yeye. Wabaya wao wakubwa ni watatu, nao ni watoto vilevile. Kuna Romeo, mvumbuzi mwenye miwani mikubwa na maabara inayotembea kwa magurudumu, anayetaka kuitawala dunia. Kuna Luna Girl, anayepaa juu ya ubao kwa nguvu za mwezi. Na kuna Night Ninja, anayeamini hakuna hodari kama yeye.

Kwa mtu aliyekulia huku, sura zao hazimsaidii hata kidogo. Bundi akilia juu ya paa la nyumba yenye mgonjwa, watu hawalali. Mjusi kafiri tulifundishwa kumpiga kwa ndala tangu hatujajua kufunga vifungo vya shati. Na upande wa pili kuna nani? Kuna nondo, wadudu wanaokuja kuizunguka taa ya barazani bila kumdhuru mtu. Hao ndio jeshi la Luna Girl. Mama alikuwa na haki kabisa ya kuuliza. Ishara zote alizofundishwa na wazazi wake zilikuwa zimewekwa upande usio wake.

Mama aliporudi Newala nikamuuliza mwenye katuni yake.

"Unajuaje kuwa Romeo ni mbaya?"

"Anatumatuma."

"Anamtuma nani?"

"Robot. Akimwambia beba, anabeba. Akimwambia kamata, anakamata. Romeo anacheka tu."

"Na Catboy?"

"Catboy anaenda mwenyewe, mjomba."

Alinijibu kama mtu anayemweleza mwenzake njia ya kwenda sokoni, kisha akaomba flashi.

Dada hupeleka flashi kwa kijana mwenye kibanda cha kuingizia nyimbo na muvi, na kijana humjazia katuni. Tulikuwa na vipande kama ishirini. Nikavitazama vyote kwa jioni tatu (moja ililiwa na umeme, ukakatika saa moja ukarudi tumeshalala), na nilichokuwa nakitafuta ni kimoja: je, mtoto amesema kweli? Amesema kweli. Romeo humwamuru Robot. Night Ninja huwaamuru Ninjalinos, kundi la vijana wadogo waliojifunika uso kama yeye, wawe wanarusha mabonge yake ya kunata. Luna Girl hunyoosha kidole na nondo wanakwenda. Wale watatu wazuri kila mmoja ana gari lake na kosa lake. Mmoja akikosea, anakosea kwa mikono yake mwenyewe, na kabla kipande hakijaisha atalazimika kulirekebisha kosa hilo kwa mikono hiyohiyo. Ndivyo hadithi zile zilivyotengenezwa: mchana Gekko anaogopa jambo, au Owlette anafanya pupa, usiku mbaya anaitumia kasoro hiyohiyo kumshinda, mpaka mtoto mwenyewe ajirudi.

Mama aliangalia maumbo. Mjukuu wake aliangalia nani anamtuma nani.

Tangu hapo macho yangu hayamfuati Romeo tena, yanamfuata Robot. Kwanza nilitaka kujua kwa nini yupo. Kipande kimoja kina dakika 11 hivi. Ndani ya dakika hizo mtoto anapaswa kuelewa mbaya anataka nini, atakipataje, na mtambo wake unafanya kazi gani. Mtunzi hawezi kumweka Romeo ajieleze kwa hewa. Anampa Robot. Romeo anajigamba, Robot anaitikia, Robot anaelewa vibaya, Romeo anaeleza upya kwa hasira, na kufikia hapo hata mtoto aliyekuwa amekwenda kunywa maji ameshaipata mipango yote.

Hili wazee wetu walilijua bila kusomea. Msimulizi akisema "Hadithi, hadithi!" na kusiwe na mtu wa kusema "Hadithi njoo!", hadithi haiji. Bibi mzaa mama alikuwa akinyamaza kabisa kama hatukuitikia, anakunja kanga yake, anasema tumelala. Na ndani ya ngano zake fisi hakupanga wizi peke yake. Alirudi kwanza nyumbani kumwambia mkewe, na sisi tulioketi gizani tukawa tunausikia mpango huo pamoja na mke wa fisi. Robot ni mke wa fisi. Ni mwitikiaji aliyewekwa ndani ya hadithi.

Ukitaka kuona inakuwaje mbaya akikosa mwitikiaji, mtazame Mojo Jojo, sokwe wa The Powerpuff Girls, katuni iliyoanza mwaka 1998. Zamani alikuwa sokwe wa maabara ya mwanasayansi Professor Utonium, na fujo zake ndizo zilizoivunja chupa ya kemikali iitwayo Chemical X, wakapatikana wasichana watatu wenye nguvu, mashujaa wa katuni hiyo. Huyu mara nyingi hupanga mambo yake peke yake. Basi sikiliza anavyozungumza: anasema jambo, analirudia kwa maneno mengine, kisha analirudia tena, kwamba yeye Mojo Jojo ndiye atakayefanya atakachokifanya kwa kuwa mfanyaji ni yeye. Watu huicheka namna hiyo ya kusema, na mimi pia niliicheka. Sasa naisikia tofauti. Ni mtu anayejiitikia mwenyewe kwa sababu chumba kizima hakina wa kumwambia "naam".

Kazi ya pili ya mpambe ni kumwondolea mbaya utisho. Jambazi aliyesimama peke yake gizani anatisha, hata akichorwa kwa rangi za pipi. Jambazi anayebishana na roboti yake kwa sababu aliiambia igeuke kushoto ikageuka kulia hatishi mtu. Nikiwa mdogo niliogopa mapiko, ngoma ya vinyago, kuliko kitu chochote. Wenzetu Wamakonde waliotoka ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wakicheza baada ya jando. Mchezaji anavaa kinyago cha kufunika kichwa kizima, anaona nje kupitia mdomo wa kinyago, ndiyo maana kichwa chake kinaelekea juu kama anayenusa harufu yetu. Wachongaji walichonga sura za kila namna, za kutisha na za kukejeli, mpaka za wazungu. Alipotujia mbio tulikimbia tukipiga mayowe mpaka nyuma ya mikorosho. Kilichoturudisha kila mara ni wapiga ngoma. Yule wa kinyago akitingisha bega, ngoma inamjibu. Akisimama, ngoma inamngoja. Mzee mmoja mwenye ngoma ndefu alikuwa anatabasamu muda wote, nami nilikuwa namtazama yeye badala ya kinyago. Kama huyu anatabasamu, nilijiambia, basi hatuliwi leo.

Lakini kuna jambo la tatu ambalo nadhani ni letu hasa, sisi tunaotazama katuni za watu kwa lugha ya watu. Mpwa wangu hajui Kiingereza. Wenzake wanaojazana sebuleni kwa dada hawajui. Maneno yote ya Romeo, na Romeo ana maneno mengi, yanawapita juu ya vichwa kama tangazo la redio ya jirani. Ninjalinos hawasemi lugha ya mtu. Wanatoa vijisauti, wanaangushana, wanakimbia wakigongana. Nondo hawasemi kabisa. Robot anasema kidogo, ila mwili wake unaeleza zaidi: mabega yakishuka unajua amekaripiwa. Kwa hiyo katika katuni nzima watu wanaoeleweka vizuri kuliko wote kwa mtoto wa Magomeni ni wapambe wa wabaya. Mtoto wa Ufaransa na mtoto wa Mtwara wanamwelewa Ninjalino sawasawa. Wakija kucheza uani, sishangai tena kwamba watoto wanagombania kuwa Ninjalino na hakuna anayetaka kuwa Gekko.

Mpwa wangu siku zote ni Robot. Ana boksi la sabuni lililotobolewa matundu mawili ya macho. Romeo ni mtoto wa jirani, miaka minane, aliyejitengenezea miwani kwa vitako vya chupa za maji. Binti mmoja aliyejifunga kanga ya mama yake mabegani ndiye Owlette. Romeo anasema "Robot, lete jiwe," Robot analeta jiwe. "Robot, mkamate huyo." Robot anakwenda kwa hatua ngumu, mikono mbele. Dada anacheka. Mimi jioni moja nilisimama mlangoni na nikashindwa kucheka, koo likanikaba.

Kiswahili hakina uchoyo wa majina kwa mtu huyu. Tunaye mpambe, kibaraka, mfuasi, tarishi, na siku hizi tunaye chawa. Mkubwa wa wizi tunamwita jambazi, tumemaliza. Nadhani lugha imejaza majina upande ule kwa sababu upande ule ndio wenye watu wengi. Tunasema wapambe nuksi, tukiwa na maana kwamba mkubwa angekuwa na nafuu kama si waliomzunguka. Tunasema pia mjumbe hauawi. Hayo ya pili niliyaamini mpaka nilipofika darasa la tatu.

Ulikuwa msimu wa korosho, mwezi wa kumi. Huku kwetu korosho haichumwi, inaanguka yenyewe na bibo lake, inaokotwa chini, na hapo ndipo penye kishawishi, maana shamba la mtu halina ukuta na njia ya shule imepita katikati. Mtaani tulikuwa na kijana aliyetuzidi miaka minne au mitano. Jina lake silitaji. Alikuwa na kipaji cha kuongea. Alitueleza mpango barabarani akichora kwa kijiti kwenye mchanga: nani atasimama wapi, nani atapiga mluzi mwenye shamba akitokea, nani ataokota, na korosho zikishapatikana atazipeleka kwa mtu wa kangomba, anayepima kwa kopo uchochoroni na haulizi zimetoka wapi. Kila mmoja wetu angepata maandazi. Mimi alinipa kushika kiroba.

Naikumbuka furaha yangu. Katika watoto tisa nimechaguliwa mimi. Nyumbani nilikuwa kitinda mimba, na kitinda mimba hutumwa na kila mtu: chumvi, kibiriti, kaite fulani, rudi ukamwambie hapana. Kutumwa nilikuwa nakujua. Kupewa kazi yenye jina sikuwahi.

Tulikwenda siku tatu. Siku ya kwanza nilikuwa na furaha tu. Siku ya pili niliona kwamba shamba lile ni la bibi mmoja mjane tuliyekuwa tunamsalimia asubuhi, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, na kitu kikanikaa tumboni. Nilitaka kusema sitaki tena. Nilitembea na sentensi hiyo mdomoni kutoka shule hadi mtaani. Nilipomkuta kijana amekaa juu ya tanuri bovu la matofali, akanirushia kiroba na kusema "Haya, mtu wangu," sentensi ikayeyuka. Nilikidaka.

Siku ya tatu mluzi haukupigwa. Aliyepaswa kupiga mluzi aliona watu wawili wanakuja akakimbia kimya. Wote walikimbia. Mimi nilikuwa na kiroba chenye korosho kama kilo tano na haikunijia akilini kwamba naweza kukiachia. Niliambiwa nishike, nikawa nimeshika. Walinikuta nimesimama chini ya mkorosho, nimekikumbatia.

Nilichapwa, na hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa kupelekwa kwa yule bibi nikirudishe. Alikipokea kiroba, akakiweka chini, akaniuliza, "Nani kakutuma?" Nami, Mungu ananiona, nilisema hakuna. Nilimlinda mtu ambaye saa ile alikuwa anaogelea baharini na wenzake. Bibi akatikisa kichwa. "Basi wewe ndiwe mwizi," akasema, wala hakusema kwa hasira.

Kwa hiyo ninapomtazama Robot, sioni bati. Kuna jambo linaloniudhi katika katuni hii, na nalisema kwa sababu naipenda: kila kipande kinamrekebisha Catboy, au Owlette, au Gekko, na hata Luna Girl amepewa vipande ambamo unauona upweke wake, anaungana nao kwa usiku mmoja, anaonyesha kwamba ubaya wake ni njaa ya marafiki. Nondo wake hawaulizwi. Ninjalinos wanaangushwa, wanabanwa kwenye mabonge yao wenyewe ya kunata, wanacheka, wanarudi usiku mwingine kwa bwana yuleyule. Ni vichekesho, naelewa, na pasipo wao kurudi hakuna kipande kingine. Lakini watoto wanaojifanya Ninjalinos uani ndio wengi, na ningependa mara mojamoja wamuone Ninjalino anaweka bonge chini.

Mara moja inatokea, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Romeo aliunda roboti ndogo ili iingie makao ya wale watatu na kuwachunguza. Ikaingia. Ilipokwisha kuwafahamu, ikakataa kurudi kwa aliyeiunda, ikabaki nao, na mpaka leo inaitwa PJ Robot na inaishi makaoni mwao. Haikusaidiwa na nguvu za mwezi wala za paka. Ilitumwa na mtu, ikafika, ikaona, ikageuka.

Kipande hicho hakikuwemo kwenye flashi. Nilimsimulia mpwa kwa mdomo usiku mmoja umeme ulipokatika, dada anatafuta kibiriti. Nilianza kwa "Hadithi, hadithi!" na akaitikia. Nilimsimulia pia habari ya kiroba, mjomba nami nikiwa mtoto, nikimtaja bibi, korosho na kichapo. Huku kusini kwetu mjomba ana neno zito kwa mtoto wa dada yake, ndivyo tulivyolelewa Wamakonde na Wamwera, na sikutaka kulitumia neno hilo kumkataza mchezo. Nilitaka ajue tu kwamba namfahamu Robot. Aliuliza swali moja: "Kwa nini hukukitupa?" Nikamwambia sikujua kama inawezekana. Akanyamaza, nikadhani amelala.

Juzi Jumapili nilipita kwa dada mchana. Watoto walikuwa uani chini ya mwembe. Owlette alikuwa na mpira mpya wa plastiki, wa bluu, amenunuliwa na baba yake, na Romeo ameuona. Akavaa vitako vyake vya chupa.

"Robot! Kamnyang'anye ule mpira."

Boksi la sabuni likasogea hatua mbili, mikono mbele, kama siku zote. Likasimama. Likageuka polepole kumtazama Romeo, kisha likakaa chini mchangani, puu.

"Robot! Nimekutuma!"

"Chaji imeisha," sauti ikatoka ndani ya boksi.

"Haijaisha!"

"Imeisha. Nenda mwenyewe."

Romeo alisimama pale na miwani yake. Alimtazama Owlette, Owlette akaukumbatia mpira. Alipiga hatua moja. Kisha akaivua miwani, akaifuta kwa shati, na akauliza kama na yeye anaweza kucheza.